Mtafiti akishaondoka, kijiji kinabaki na nini?

Mitihani imekwisha, pumzi zimerudi, leo tuongee historia kidogo.

Ukizaliwa Matemwe kama mimi, watafiti utakuwa umewaona wa kutosha. Wanaulizia mwani, uvuvi, mahoteli, mambo ya Mnemba. Mtu anakuja na kibali chake, anapita kwa sheha, anajaza madodoso siku tatu nne, kashaondoka. Kina mama wametoka pwani kwenye mwani, nguo bado zina maji ya chumvi, wanakaa wanajibu. Bibi yangu kajibu mara nyingi tu, na majibu hajawahi kuletewa hata karatasi moja.

Sasa mwakani sisi wa ualimu nasi tutatumwa vijijini na madodoso yetu. Ndo maana nikamtafuta mtu aliyefanya vingine, nikamkuta Pat Caplan.

Mama huyu Mwingereza alifika kisiwa cha Mafia mwaka 1965, akiwa mwanafunzi wa uzamivu wa SOAS, London. Akaishi kijijini Kanga, kaskazini mwa kisiwa, akafanya kazi yake kwa Kiswahili. Mwaka 1975 kikatoka kitabu chake juu ya koo, mali na vyeo katika jamii ile. Wengi wangeishia hapo. Yeye akarudi 1976, 1985, 1994, 2002 na hata baadaye.

Huku nyuma kazi nyingine zikiendelea. Alifanya utafiti Nepal na India, akafundisha chuo cha Goldsmiths mpaka akawa profesa, na kuanzia 1998 hadi 2000 akawa mkurugenzi wa taasisi ya Chuo Kikuu cha London inayoshughulikia nchi za Jumuiya ya Madola. Ukurugenzi jamani ni vikao, bajeti na kusaini makaratasi! Lakini Mafia hakuisahau.

Kilichonigusa zaidi ni shajara. Alimwomba mwanakijiji mmoja aandike maisha yake ya kila siku, kwa Kiswahili. Shajara ile, pamoja na maneno ya mkewe na binti yake, ikaingia kwenye kitabu cha mwaka 1997, na majina yao ya kweli yakafichwa. Yaani mkulima wa Kanga alikuwa anaandika shajara miongo kadhaa kabla ya sisi kuanza hizi za mtandaoni!

Ila kitabu kile ni cha Kiingereza, na hapo bado deni lipo. Baadaye akaandika maisha ya rafiki yake wa Mafia, na safari hii kikatoka na cha Kiswahili, *Mikidadi wa Mafia*, kwa wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Akaweka pia tovuti ya kisiwa kile kwa lugha zote mbili. Sasa mtoto wa Mafia anaweza kusoma habari za kwao bila mkalimani.

Rafiki yangu wa bwenini ananiambia, "We nawe, yule alikuwa na mshahara wa Ulaya na miaka arobaini. Sisi tuna muhula mmoja na nauli ya daladala." Kweli kabisa. Lakini kurudisha majibu hakuhitaji miaka arobaini. Kurasa mbili za Kiswahili, ukazisoma mbele ya watu skuli au kwa sheha, inatosha kuanzia.

Na hapa ndipo uongozi unapohusika. Anayesaini mapendekezo ya utafiti ndiye mwenye uwezo wa kuuliza: wenyewe watayapata lini, na kwa lugha gani? Mkuu aliyewahi kukaa jamvini akaulizwa "utarudi lini mwanangu?" hatalisahau swali hilo. Nasi tutakuwa walimu wakuu siku moja, inshallah. Tulibebe mapema.

Nyie mnaonaje? Kwenu watafiti walirudi? Niandikieni.