Kutoka komeo la mbao hadi skuta ya umeme

Nimekuwa kimya kwa sababu mbili: kazi za programu zimenibana, na skuta yangu ya umeme imeibwa.

Asubuhi niliiacha Likoni, nikavuka feri kwa miguu kwenda kazini kisiwani. Niliifunga kwenye nguzo kwa kufuli la waya la bei poa. Jioni nikakuta waya tu, umekatwa. Kosa ni langu. Lakini mtu wa kompyuta akiibiwa hakosi kujiuliza: hivi kufuli ni kitu gani hasa?

Neno tumelitoa kwa Waarabu, ila kitu chenyewe ni cha kale zaidi. Wamisri wa kale walikuwa na komeo la mbao lenye vijiti vinavyoangukia kwenye matundu. Ufunguo uliviinua, komeo likatoka. Linus Yale mdogo, Mmarekani, alilitia wazo hilohilo ndani ya silinda ndogo ya chuma na kupata hataza mwaka 1861 na 1865. Ndiyo maana ufunguo wa mlango wako pale Kisauni au Changamwe una meno.

Kabla yake kidogo, mwaka 1851, Mmarekani mwingine, Alfred Hobbs, alikwenda London kwenye Maonyesho Makubwa. Alifungua kufuli la Chubb kwa dakika 25 hivi. La Bramah, lililosifiwa kwa miaka mingi kuwa halifunguki, lilimchukua saa 51 katika siku 16. Wengine walilalamika kwamba anawafundisha wezi. Waliomtetea walijibu kwamba wezi wanajua tayari. Asiyejua ni mwenye mali.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliliweka vizuri akizungumzia maandishi ya siri ya jeshi: mfumo ubaki salama hata adui akijua unavyofanya kazi, mradi hana ufunguo. Sisi waandishi wa programu tunaiishi kanuni hiyo kila siku, au tunajidai hivyo.

Mbona tunajidai? Mwaka 2004 waendesha baiskeli Marekani waligundua kwamba baadhi ya makufuli ya Kryptonite yenye ufunguo wa mviringo yanafunguka kwa ganda la kalamu ya Bic! Kampuni ililazimika kuwabadilishia wateja. Na udhaifu huo ulikuwa umeandikwa Uingereza tangu 1992.

Tukaja na kufuli la simu. Mwaka 2019 watafiti wa Zimperium walionyesha kwamba skuta ya Xiaomi M365 ilikagua neno la siri kwenye programu ya simu tu, si ndani ya skuta. Mtu aliye mbali kidogo aliweza kuifunga ikitembea. Ni sawa na kumwuliza mgeni mlangoni kama yeye ni mwenyeji, akisema ndiyo, unamfungulia.

Sasa turudi kwetu. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua hapa Mombasa mpango wa pikipiki za umeme. Katika mtindo wa kubadilishana betri, betri si ya dereva, ni ya kampuni, na hubadilishwa kituoni. Mwizi akiondoka na pikipiki, betri ikiisha itabidi aende kituoni, ambako inajulikana. Hilo nalo ni kufuli, ingawa halionekani. Skuta yangu ilikubali soketi yoyote ya nyumbani. Mwizi wangu hana shida.

Basi nimejifunza haya. Waya ni wa kuzuia mtoto. Nunua kufuli la chuma kigumu lenye umbo la U. Funga fremu, si gurudumu peke yake. Betri ikitoka, ondoka nayo. Andika namba ya fremu nyumbani. Na usiiamini programu ya simu peke yake, hata kama ameiandika rafiki yako.

Hata kama nimeiandika mimi.

Kesho navuka tena feri, safari hii nikitokea nyumbani kwa miguu. Tuonane.