Kibandiko cha kupima presha: kinafanyaje kazi, na je, tuache mashine ya mkono?

Mashine ya presha tunayoikuta zahanati hufunga mkono kwa mkanda unaojazwa upepo, kisha hutoa namba mbili. Namba hizo ni za dakika ile tu. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima: ukilala hushuka, ukilima au ukishtuka hupanda. Wapo ambao hupanda kwa kumwona daktari tu. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza kifaa cha kubandikwa kwenye ngozi, kipime mfululizo usiku na mchana.

Kinavyofanya kazi

Tueleze njia mbili, zote za Marekani.

Ya kwanza ni ya Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kibandiko chao ni laini, kina ukubwa wa stempu ya barua. Hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, kama yale ya ultrasaundi anayopimwa mama mjamzito. Mawimbi hufika kwenye mshipa wa damu na kurudi, yakionyesha unavyotanuka na kusinyaa kila moyo unapopiga. Kutokana na upana huo, presha hukokotolewa. Mwaka 2024 walichapisha matokeo ya majaribio kwa watu 117.

Ya pili ilitangazwa mwaka 2022 na watafiti wa Texas. Wao hubandika karibu na kiganja utando mwembamba mno, kama tatoo, uliotengenezwa kwa grafini, ambayo ni aina ya kaboni. Umeme hafifu usioumiza hupitishwa mwilini. Damu inapoongezeka au kupungua kwenye mshipa, umeme nao hupita tofauti, na kompyuta hukadiria presha.

Je, tutupe mashine?

Hapana. Vibandiko hivi bado viko kwenye utafiti, na vyenyewe hulinganishwa kwanza na mashine ya mkanda. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa presha barani Ulaya kilishauri kwamba vifaa visivyo na mkanda, zikiwemo saa, visitumike kuamua nani ana presha wala atibiweje.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kama wanayo, kwa kuwa mara nyingi haina dalili. Mtu akiamini namba ya programu ya simu inayodai kupima kwa kidole, anaweza kuacha dawa, na kiharusi kikamkuta nyumbani.

Ufanye nini sasa?

- Kabla ya kupimwa, kaa kimya dakika 5, miguu ikiwa chini na mkono usawa wa moyo.
- Ukipata 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa ya chini, rudi upimwe siku nyingine.
- Usiache dawa kabla ya kuongea na mhudumu wa afya, hata ukijisikia mzima.