Sumu Iliyogeuzwa Dawa

Dawa za jadi si porojo, wala si miujiza. Ukweli huo umedhihirishwa na historia ya China, nchi rafiki ambayo madaktari wake walianza kuhudumu Zanzibar na Tanzania Bara katika miaka ya 1960.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa mji wa Harbin, kaskazini-mashariki ya China, walipata habari za mganga wa kijijini aliyetibu saratani kwa mchanganyiko wa aseniki, zebaki na sumu ya chura. Mfamasia Han Taiyun aliutengeneza mchanganyiko huo kuwa dawa ya sindano. Daktari Zhang Tingdong na wenzake hawakuidharau dawa hiyo kwa kuwa imetoka kijijini. Wala hawakuipokea kwa upofu kwa kuwa ni ya wahenga. Waliichambua kiungo kimoja baada ya kingine. Zebaki ilidhuru figo. Sumu ya chura ilipandisha shinikizo la damu. Nguvu ya kutibu ilikuwa katika aseniki, sumu ile ile ambayo tangu kale imetumika kuulia panya na wanadamu. Ilifaa hasa kwa aina moja ya saratani ya damu, lukemia ya promielositi.

Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Shanghai, akiwamo Chen Zhu, walizipima seli za saratani hiyo maabara. Ilionekana kwamba aseniki huivunja protini mbovu inayozizuia seli zisikomae. Nazo ama hukomaa, ama hufa. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Leo, ikitumiwa pamoja na asidi ya retinoiki, huwaponya wagonjwa walio wengi wa aina hiyo.

Hata hivyo, maabara hizo zilijaribu pia seli za limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu. Humo nazo seli zilikufa. Lakini kwa wagonjwa wenyewe wa limfoma, mafanikio hayakulingana na yale ya lukemia. Kuua seli ndani ya chupa si kumponya mtu.

Somo hilo linazihusu pia nchi jirani za Afrika Mashariki. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wengi kutoka Kenya, walimiminika Loliondo kunywa kikombe cha dawa, na baadhi yao wakaacha dawa za hospitali. Dawa huvuka mpaka upesi kuliko ushahidi wake.

Askari hapewi silaha ambayo haijapimwa shabaha. Vivyo hivyo, mgonjwa asipewe dawa ambayo haijapimwa, iwe imetoka kiwandani au porini. Mganga wa kijijini aliionyesha njia. Kipimo ndicho kilichotenganisha dawa na sumu.