Uwiano wa Kanuni katika Michezo ya Kuigiza Wahusika

Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ni mchezo ambao msimulizi mmoja huelezea ulimwengu wa kubuni, na wenzake, kila mmoja akiwa na mhusika wake, huamua watende nini humo; pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu hukata shauri. Kanuni zake husemwa kuwa na uwiano ikiwa kila aliyeketi mezani, awe amechagua mpiga mkuki, mganga au mwizi, ana jambo la maana la kufanya, na hakuna hila moja inayomaliza matatizo yote. Hali hiyo haipatikani kwa hesabu za mtunzi peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtunzi, hata akiwa hodari, analalia kitanda chake kwa namna moja tu. Kwa hiyo huwatafuta wachezaji, huwapa rasimu, kisha huwauliza. Makala hii inashikilia kwamba katika kuuliza huko mchezaji ni shahidi anayeaminika anaposema wapi panauma, na haaminiki kwa kiasi hicho anapotaja dawa.

Historia ya michezo yenyewe inaunga mkono hoja hii. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson baada ya kuchezwa na vikundi vyao kwa miaka kadhaa; waliojaribu walikuwa marafiki na majirani, na kanuni zilibeba mazoea ya vikundi hivyo. Toleo lake la 5, la mwaka 2014, lilichukua njia iliyo kinyume kabisa: kuanzia Mei 2012 rasimu zilitolewa kwa yeyote aliyetaka, na kwa hesabu ya kampuni yenyewe watu zaidi ya 175,000 walishiriki. Mtu angetarajia kwamba jeshi hilo lingeona kila ufa. Hata hivyo, mhusika wa aina ya mwindaji wa msituni, hasa yule anayepigana pamoja na mnyama wake, alilalamikiwa tangu kitabu kilipotoka. Watunzi walitoa marekebisho ya majaribio mwaka 2015 na tena 2016, na vipengele mbadala viliingia katika kitabu cha nyongeza mwaka 2020. Wingi wa mashahidi haukutosha. Kasoro ya aina hiyo haionekani katika jioni moja ya majaribio. Hujitokeza mchezaji anapokaa na mhusika wake miezi mingi, akahesabu ni mara ngapi alibaki mtazamaji huku wenzake wakitenda.

Mfano wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, unafundisha zaidi. Rasimu ya toleo lake la 2, iliyotolewa Agosti 2018, ilikuwa na kanuni mpya: kila mhusika alipewa idadi ndogo ya pointi kwa siku, na kila alipotumia kifaa cha uchawi alipoteza moja. Watunzi walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa katika toleo la awali wachezaji walinunua vifimbo vya bei rahisi vya kuponya na kujitibu bila kikomo, hata majeraha yakakosa uzito. Wachezaji waliikataa kanuni hiyo kwa sauti kubwa, na katika kitabu cha 2019 haikuwemo. Lakini watunzi hawakurudi walikotoka, ingawa wapo waliotamani hivyo. Waliweka kikomo cha vifaa 10 ambavyo mhusika anaweza kujifungamanisha navyo kwa siku, na wakampa mtu mwenye ujuzi wa tiba uwezo wa kufunga majeraha bila uchawi, ili kifimbo kisiwe tegemeo la pekee. Lalamiko lilikubaliwa lote. Dawa ilitungwa upya na watu waliouona mchezo mzima.

Pingamizi la kwanza ni kwamba uwiano ni jambo la mashindano, na hadithi haihitaji mizani. Ni kweli kwamba hapa hakuna anayemshinda mwenzake. Lakini mezani kuna kitu adimu kinachogombewa kimyakimya, nacho ni zamu ya kuwa na maana. Mhusika mmoja akiweza yote, wengine wamealikwa kusikiliza. Pingamizi la pili ni zito zaidi: bao limekuwa na kanuni imara bila mtu kugawa dodoso. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32, kete 64 na hatua ya kunamua ambamo kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, lina mizani ambayo mtunzi wa leo angeionea wivu. Igisoro ya wasemaji wa Kinyarwanda, wakiwemo wa Masisi, mashariki mwa Kongo, huchezwa kwenye ubao wa ukubwa huohuo. Mtafiti Philip Townshend alipochapisha mwaka 1977 uchunguzi wake wa michezo ya jamii hii katika Zaire, Rwanda na Burundi, alikuta namna nyingi za kucheza. Mtu anaweza kusema muda unatosha. Nami nasema wingi huo ndio majaribio yenyewe: baraza moja hubadili kanuni, jirani huiiga au huiacha, na kanuni inayochosha hufa. Tofauti ni kwamba mtunzi hana vizazi vya kusubiri, hivyo analazimika kuuliza.

Namna ya kuuliza hutegemea mahali. Tuchukue Kalembe, kwenye mpaka wa maeneo ya Masisi na Walikale, njia ya kutoka Mweso kwenda Pinga, ambako Wahunde, Wanyanga na wasemaji wa Kinyarwanda hukutana katika Kiswahili. Dadu ya pande 20, ambayo michezo tuliyoitaja huitegemea, si kitu cha kununua sokoni huko; punje 4 za mahindi zilizounguzwa upande mmoja zinapatikana kila nyumba. Ila kubadili chombo ni kubadili mizani. Kwenye dadu ya pande 20, nyongeza ya pointi 1 huongeza nafasi ya kufaulu kwa asilimia 5, popote ulipo kati ya ngazi. Kwa punje 4, tukichukulia kwamba pande zina nafasi sawa, anayehitaji pande nyeusi 3 au zaidi hufaulu mara 5 kati ya 16. Mpe nyongeza ya 1, sasa anahitaji 2 tu, na hufaulu mara 11 kati ya 16, yaani kutoka asilimia 31 hadi 69. Kanuni iliyopimwa kwa dadu Marekani ikahamishwa hivyo bila majaribio mapya itampa mwenye mkuki mzuri nafasi ya kushinda zaidi ya maradufu. Na punje halisi haziko sawa. Zirushwe mara 100 na kuhesabiwa kabla ya kuandika chochote. Kuna shida nyingine isiyo ya hesabu: jaribio la maana linataka watu walewale warudi mezani wiki baada ya wiki, na mapigano ya waasi wa M23 na wanamgambo wa Wazalendo yaliyofika Kalembe Oktoba 2024 yalitawanya watu.

Visa vya kuigizwa huko havikosekani. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, una shujaa anayezaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, mwenye conga, usinga unaomrudishia hata uhai. Kwa mtunzi wa kanuni, shujaa huyu ni jinamizi: mhusika mmoja anafuta meza nzima. Utendi wenyewe, hata hivyo, una vizuizi. Mwindo anapocheza wiki, kamari ya mbegu, na mungu Sheburungu, anapoteza mali na watu wake wote kabla ya conga kumwokoa. Na baada ya kuua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, anapelekwa mbinguni kuteseka mwaka mzima. Swali la kuwauliza wachezaji wa Kalembe, basi, si kama conga ina nguvu mno, kwani atakayeishika atakana. Waulizwe wenzake walikuwa wakifanya nini wakati usinga ulipoinuliwa, na msimulizi aandike nani alinyamaza kwa muda gani.