Dragon Ball haikutengenezwa itazamwe na mtu mmoja

Jumapili ya tarehe 10 Machi 2024, maelfu ya watu walikusanyika kwenye mnara wa Obelisco, katikati ya jiji la Buenos Aires nchini Argentina, wakanyoosha mikono yao juu. Wengi walivaa gwanda la rangi ya chungwa la wanafunzi wa kungfu. Walikuwa wanatengeneza Genkidama, lile pigo ambalo Goku hulipata kwa kuinua mikono na kuwaomba viumbe wote walio hai wamchangie nguvu kidogo kidogo. Siku mbili kabla, Japani ilikuwa imetangaza kwamba Akira Toriyama, mchoraji aliyemwumba Goku, amefariki dunia tarehe 1 Machi akiwa na umri wa miaka 68. Serikali ya China ilitoa rambirambi. Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alionyesha mchoro aliowahi kuwekewa sahihi na marehemu. Lakini maombolezo yaliyonigusa zaidi ni yale ya Buenos Aires, kwa sababu watu waliomboleza kwa namna ileile waliyoipenda kazi yenyewe, yaani wakiwa pamoja.

Kwa muda sasa mimi na wenzangu tumekuwa tukiitazama upya Dragon Ball tangu mwanzo, jioni za mwisho wa juma, sebuleni kwa mmoja wetu. Kila tunavyosonga mbele ndivyo ninavyoamini kwamba tamthilia hii ya katuni iliumbwa kwa ajili ya watu wanaosubiri pamoja. Anayeitazama peke yake, akirukisha mbele kila panapochelewa, anaipata hadithi lakini anaikosa Dragon Ball yenyewe. Historia yake inaeleza kwa nini.

Toriyama alizaliwa mwaka 1955 katika mkoa wa Aichi na alianza kupata jina mwaka 1980 kwa Dr. Slump, hadithi ya michoro ya kuchekesha iliyochapishwa katika jarida la Weekly Shonen Jump. Ilipendwa mno, naye akachoka nayo. Mhariri wake, Kazuhiko Torishima, alikubali ifungwe kwa sharti kwamba nyingine ianze baada ya muda mfupi. Kilichotoa wazo la hiyo nyingine ni sinema za kungfu. Toriyama alikuwa na kawaida ya kuchora huku televisheni ikionyesha kanda za Jackie Chan, hasa Drunken Master ya mwaka 1978, aliyoirudia mara nyingi sana. Mwaka 1983 akajaribu hadithi fupi ya kungfu aliyoiita Dragon Boy, na mnamo Novemba 1984 Dragon Ball ikaanza. Kiunzi chake alikichukua kwenye Safari ya Magharibi, riwaya ya kale ya Kichina kuhusu mfalme wa nyani aliyeitwa Sun Wukong. Jina hilo likisomwa Kijapani linakuwa Son Goku.

Hapa ndipo hadithi hii inapokutana na watu wa pwani yetu bila kupitia mlango wa Ulaya. Sinema zilizomlea Toriyama ndizo zilizojaza kumbi za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, kisha vibanda vya video vya mitaani. Mtu aliyekua akiiga mateke ya Bruce Lee uani kwao hahitaji kufafanuliwa kwa nini mzee Kamesennin, mwalimu wa Goku, anavaa wigi, anajiita Jackie Chun na kupigana akiyumba kama mlevi. Katika kundi letu walio na umri mkubwa walicheka kabla ya vijana kuelewa kinachochekesha.

Mwanzoni, hata hivyo, Dragon Ball haikuwa hadithi ya mapigano. Ilikuwa safari ya utani, ya mvulana mwenye mkia na binti fundi wa mitambo, Bulma, wakitafuta mipira saba ya ajabu. Jarida la Jump lilikuwa na utaratibu mkali: wasomaji walituma kadi za kutaja hadithi walizozipenda, na hadithi iliyoshuka ilikuwa hatarini kuondolewa. Dragon Ball ikashuka. Torishima akamwambia Toriyama kwamba mhusika wake mkuu hana mvuto. Toriyama akamvua Goku mambo mengine yote, akambakizia hamu moja tu, hamu ya kuwa na nguvu zaidi. Akampeleka kwa mwalimu, akampa mwenzake wa kushindana naye, Kuririn, na akaanzisha mashindano ya Tenkaichi Budokai. Hapo ndipo kadi za wasomaji zilipogeuka.

Sehemu za mafunzo hayo ni kati ya kazi bora kabisa za sanaa ya mapigano zilizowahi kuonyeshwa kwenye televisheni, na nasema hivyo nikizihesabu na filamu za watu halisi. Kamesennin hawafundishi wavulana pigo lolote la siri. Anawaamsha alfajiri wakagawe maziwa kwa miguu. Anawalimisha shamba kwa mikono mitupu. Anawaogelesha mbele ya papa na kuwafunga kwenye mti wakwepe nyigu. Kutwa nzima wanabeba mgongoni gamba la kobe la kilo 20, na baadaye la kilo 40. Goku anapouliza mapigo yataanza kufundishwa lini, mzee anamjibu kwamba mafunzo ndiyo hayo. Magamba yanapovuliwa, wavulana wanaruka hewani na kushtushwa na urefu wanaoufikia.

Baadaye, kwenye fainali ya mashindano ya 21, mwanafunzi anakutana na mwalimu aliyejificha ndani ya jina la Jackie Chun. Mzee ameingia ulingoni ili wanafunzi wake wasilewe sifa mapema wakadhani hakuna wa kuwazidi. Pambano linachukua muda mrefu. Mwezi mpevu unachomoza, Goku anageuka nyani mkubwa kama jengo, na mzee analazimika kuuangamiza mwezi wenyewe. Wote wawili wamekwisha nguvu wanaporuka kwa mara ya mwisho na kupigana teke kwa wakati mmoja, wakaanguka pamoja. Anayeshinda ni mzee. Miguu yake ni mirefu kidogo kuliko ya mtoto, basi teke lake lilifika vizuri zaidi.

Sisi tuliolelewa na sinema tunajua kwamba stelingi hashindwi wala hafi. Goku anashindwa fainali ya 21. Miaka mitatu baadaye, kwenye mashindano ya 22, anashindwa tena na mpinzani wake Tenshinhan. Wote wawili wanaanguka kutoka angani, na Goku anagonga gari likipita na kutangulia kugusa ardhi. Ubingwa wa kwanza anaupata kwenye mashindano ya 23, dhidi ya adui yake Piccolo, akiwa tayari mtu mzima. Na katika hadithi inayofuata stelingi anakufa, zaidi ya mara moja. Mtoto aliyefuatilia kipindi hiki wiki kwa wiki alijifunza kusubiri ushindi kwa miaka, na aliusubiri akiwa na darasa lake zima.

Katuni yenyewe ilitengenezwa na studio ya Toei na ilianza kuonyeshwa na Fuji TV tarehe 26 Februari 1986, kila Jumatano saa moja jioni, saa ambayo familia ya Kijapani iko mezani. Sauti ya Goku alipewa Masako Nozawa, mama aliyezaliwa mwaka 1936, na hakuiacha. Aliitoa Goku akiwa mtoto, akaitoa akiwa baba, akawaongeza na wana wa Goku, Gohan na Goten, na mwaka 2024 bado alikuwa kwenye kipaza sauti kwa ajili ya Dragon Ball Daima. Muziki ulitungwa na Shunsuke Kikuchi, aliyefariki mwaka 2021. Kwangu mimi, ngoma na matarumbeta yake ni nusu ya pambano. Sehemu 153 ziliisha Aprili 1989, na wiki iliyofuata ikaingia Dragon Ball Z, iliyokwenda sehemu 291 hadi Januari 1996. Jarida la Jump lenyewe, katika kilele chake mwishoni mwa 1994, lilichapisha nakala milioni 6.53 za toleo moja.

Tatizo la Z, ambalo kila anayeitazama upya hulizungumzia, lilitokana na ratiba. Toriyama alichora sura moja kwa wiki, yenye kurasa kama 15. Toei walihitaji kipindi kimoja kwa wiki, cha dakika zaidi ya 20. Walikuwa wanamfuata mchoraji nyuma karibu sana, na wangemfikia wangekosa cha kuonyesha. Kwa hiyo wakanyoosha. Uso ukatazama uso mwingine kwa muda mrefu. Mawe yakapaa polepole, upepo ukavuma, na watazamaji walioko pembeni ya pambano wakashangaa mmoja baada ya mwingine. Mfano unaotajwa kila mahali ni sayari ya Namek. Adui wa Goku, Freeza, anatangaza kwamba imebaki dakika tano ilipuke, na dakika hizo zinachukua karibu sehemu kumi.

Kijana mmoja kwetu aliuliza, “Kaka, hizi ni dakika tano za wapi?” Swali lilikuwa la haki. Toei wenyewe walilijibu mwaka 2009 kwa kutoa Dragon Ball Kai, Z iliyokatwa upya ili ifuate michoro ya Toriyama kwa karibu. Kai ni kazi safi, nayo inamfaa mwenye haraka. Lakini tulipofika Namek kwenye toleo la zamani, kimya kirefu cha kwenye kioo kilijaa mazungumzo ya sebuleni. Mmoja alikumbuka alivyolisikia pambano hili kwa mdomo wa rafiki kabla ya kuliona. Mwingine alibisha kuhusu Vegeta, mpinzani wa Goku. Goku alipogeuka Super Saiyan, umbo lake jipya lenye nguvu zaidi, nywele zikiwa za dhahabu na macho makali ambayo Toriyama alisema aliyachukua kwa Bruce Lee, hakuna aliyekuwa ameketi. Kwenye karatasi nywele hizo ziliachwa nyeupe, jambo lililompunguzia msaidizi wake kazi ya kuzijaza wino. Kwenye televisheni, baada ya wiki nyingi za kungoja, zilikuwa radi.

Hata vipande vya kujazia nafasi vimepata wapenzi wake. Sehemu ambayo Goku na Piccolo wanakwenda kujifunza udereva ili wapate leseni haipo kabisa kwenye michoro ya Toriyama. Leo ni kati ya zinazoombwa sana kurudiwa kila wapenzi wa Z wanapokutana.

Ilipovuka mipaka, Dragon Ball ilibadilika kulingana na walioipokea. Ufaransa iliipata mwaka 1988 kupitia Club Dorothée, kipindi cha watoto cha TF1, na mwaka uliofuata mwanasiasa Ségolène Royal akaandika kitabu kizima cha kulalamikia katuni za aina hii. Aliyekulia Goma au Bujumbura akaipata kwa Kifaransa atakwambia shujaa anaitwa Sangoku. Nchini Marekani ilipata umaarufu kwenye Cartoon Network kuanzia 1998, muziki wa Kikuchi ukiwa umeondolewa na kuwekwa mwingine. Baadaye yalitoka hata matoleo ya DVD yaliyokata juu na chini ya picha ili ijaze televisheni pana, wakati michoro ilikuwa imepangwa kwa ajili ya kioo cha zamani. Kukata kichwa cha mpiganaji ili kuridhisha kioo ni kosa ambalo siwezi kulitetea.

Catalonia, nchini Hispania, ilifanya jambo la maana kuliko wote. Mwaka 1990 televisheni yake ya TV3 ilianza kuionyesha kwa Kikatalani, lugha iliyokuwa imebanwa kwa miongo ya utawala wa Franco. Watoto wakawa wanakimbilia nyumbani kusikiliza lugha yao ikipigana ngumi. Nikiyafikiria hayo nawakumbuka Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi, waliochukua filamu za kigeni na kuzisimulia kwa Kiswahili chenye chumvi mpaka ukumbi ukasahau lugha ya asili. Ustadi wa kumpa Kuririn sauti ya Kiswahili tunao. Anayemiliki kituo cha televisheni ajue hivyo.

Ushahidi mkubwa wa jambo ninalolisema, kwamba kazi hii ni ya kutazamwa pamoja, ulipatikana Mexico mwezi Machi 2018, mfululizo wa Dragon Ball Super ulipokaribia mwisho. Miji kadhaa, ukiwemo Ciudad Juárez, ilitundika vioo vikubwa viwanjani ili wananchi watazame pamoja sehemu ya 130. Toei walitoa taarifa kwamba hawakutoa ruhusa. Maelfu walikuja vilevile, wakashangilia kila ngumi kama bao la timu ya taifa. Haki ya mwenye kazi naiheshimu, na ningependa kibali kingetafutwa mapema. Lakini watu wale walielewa walichokuwa wanakitazama. Hadithi yenyewe inasema hivyo: mwishoni mwa Z, Vegeta na Goku wanapowaomba binadamu nguvu za Genkidama ya kummaliza Buu, adui wa mwisho, binadamu wanakataa, kwa kuwa hawawajui. Wanakubali pale tu Mr. Satan, bingwa wanayemfahamu, anapowasihi.

Ukitaka kuirudia, basi usianzie Z. Anza na zile sehemu 153 za mwanzo, zenye sauti ya Nozawa, muziki wa Kikuchi na picha isiyokatwa. Tazama tatu au nne kwa kikao, usizidishe. Na waalike watu, hasa wale ambao hawajawahi kuiona.