Kuzorota kwa Neva

Wapo wanaosema uchakavu wa neva, wapo wanaosema kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Mimi nashika "kuzorota kwa neva". Kilichochakaa ni kikuukuu, ilhali ugonjwa wa Huntington huwaanza wengi kati ya miaka 30 na 50, watoto wangali shuleni. Kilichoharibika nacho kimekwisha, na hapa seli za ubongo hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kuzorota kuna mwendo, na familia huuliza juu ya mwendo huo: je, chakula kitaupunguza?

Chanzo cha ugonjwa wa Huntington hakitibiki kwa sufuria. Ni jeni iliyo kwenye kromosomu ya 4, iliyotambuliwa mwaka 1993. Ndani yake herufi za DNA, CAG, zimejirudia kupita kiasi. Zikirudiwa mara 40 au zaidi, ugonjwa utamfikia mtu akijaliwa umri. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Viungo huanza kuchezacheza vyenyewe, na pande za Saboti, kaunti ya Trans Nzoia, anayepepesuka mchana husemwa katoka kwenye pombe ya busaa.

Mgonjwa huyu hukonda hata akila vizuri. Wengine huhitaji kalori 4,000 kwa siku. Watafiti wameona pia kwamba walioanza na uzito mkubwa kidogo huzorota polepole zaidi. Hilo halithibitishi kwamba kunenepa ni dawa. Virutubisho vya krietini na koenzaimu Q10, ambavyo bado vinauzwa kwa maneno matamu, vilifanyiwa majaribio makubwa yaliyosimamishwa mwaka 2014 kwa kukosa faida.

Kwa hiyo kazi ya lishe ni kuulinda uzito, na kuulinda umezaji. Trans Nzoia hakuna uhaba wa mahindi, lakini ugali mkavu humpalia mtu ambaye koo halimtii. Apewe uji mzito wa maziwa na karanga za kusaga, parachichi na viazi vya kuponda vyenye siagi, kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Akae wima, asisemeshwe akimeza. Wengi hawaamini kwamba maji na chai humpalia kuliko uji: vyepesi hukimbilia njia ya hewa kabla koo halijajifunga. Kinachoingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia ndiyo inayowaua wengi wao. Apimwe uzito kila mwezi; ukishuka mara mbili mfululizo, apelekwe kliniki angali anameza bila shida.