Injini Kubwa ya Edenvale

Johannesburg iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu. Basil Green, dereva wa mashindano mwenye gereji Edenvale, mashariki ya jiji, alilijua hilo vizuri. Dawa yake ilikuwa moja: tia injini kubwa. Alianza na Ford Cortina, akaitia V6 ya lita 3. Mwaka 1970 Capri nayo ikapata V8 ya Kimarekani ya karibu lita 5. Akaiita Perana, jina la yule samaki mwenye meno makali. Ajabu ni kwamba Ford wenyewe waliikubali, ikauzwa kwa mawakala wao pamoja na dhamana. Gereji ikawa kiwanda!

Wapenzi wa magari huishia hapo. Lakini Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 iligawa miji kwa rangi. Fundi Mwafrika, hata awe hodari kuliko Green, asingeruhusiwa kufungua gereji yake Edenvale. Sheria nyingine, ya 1956, iliiwezesha serikali kuwatengea Wazungu kazi fulani. Mafundi wa Soweto wakatengeneza magari uani.